Paka Anakohoa, Ukuta Umeota Kuvu

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani

Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, na ikifika Juni barua ninazoletewa huwa zatoka bafuni: ukuta umefanya weusi, paka anakohoa, nipake dawa gani? Mara hii nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo nimeyaona yakiua paka, na ukuta haukuwa muuaji.

*Assalaam aleikum Bi Daktari. Nakaa Kibokoni, nyumba ya kupanga ya mawe ya zamani, sisi tuko chini. Bafu letu halina dirisha ila tundu dogo juu linaloangalia ukuta wa jirani. Maji ya mfereji huja kwa siku zake, kwa hivyo mna pipa kubwa ndani, limejaa wakati wote. Tangu mwezi wa nne ukuta umeota kuvu jeusi, limeanza kwenye pembe ya chini likapanda mpaka kimo cha kiuno, na jingine liko darini. Mwenye nyumba alipaka rangi ya mafuta. Wiki ya tatu weusi ukarudi na rangi yenyewe ikafura kama ngozi iliyoungua. Nina paka wangu, Chausiku, ana miaka minne. Joto likizidi hulala mumo humo bafuni, sakafuni. Sasa yapata mwezi anakohoa: hujikunyata, akanyoosha shingo mbele, akakohoa kikavu kama ataka kutapika na hakitoki kitu. Juzi nilichanganya jiki na dawa ya choo nikasugua ukuta, macho yakaniwasha nikatoka mbio. Mavyaa asema paka aondolewe kwa sababu mwanangu wa pili ana pumu. Je, ni kuvu linalomdhuru? Nimtoe? Na nitumie dawa gani? – Mama wa watatu, Kibokoni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na jiki, kwa sababu hilo laweza kukupata tena kesho. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo ndiyo iliyokuwasha macho. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hushuka ikatanda sakafuni, pale pale penye pua ya paka na ya mtoto anayetambaa. Siki nayo ni asidi, usiitie kwenye jiki hata ukisikia watu wakiisifu. Na jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: mkojo wa paka una amonia. Kama Chausiku hukojoa karibu na tundu la maji machafu, kisha ukamwaga jiki hapo, gesi nyingine itatoka, nayo ni mbaya vilevile. Paoshe kwanza kwa sabuni na maji mengi.

Sasa Chausiku. Ulivyomweleza anavyokohoa, amejikunyata na shingo ameinyoosha, ndivyo paka mwenye pumu anavyokohoa, na watu wengi huona ni donge la nywele tu wakangoja atapike. Paka wana pumu kama sisi. Mvuke wa kuvu ukutani, yaani zile chembe ndogo zinazopeperuka, ni mojawapo ya vitu vinavyoiamsha, pamoja na vumbi, moshi na manukato. Paka yuko karibu na hatari hiyo kuliko wewe: yeye hatoki kwenda kazini, hulala chini ya ukuta wenyewe, na chembe zikimwangukia kwenye manyoya huziramba.

Lakini sitakwambia ni kuvu kabla hajapimwa. Paka wa Mji wa Kale hula mijusi na ndege, na humo wanapata minyoo inayokwenda kukaa mapafuni. Kikohozi chake ni kilekile. Nimeona paka wakitibiwa pumu miezi, kumbe ni minyoo, na dawa yake ikawaponya. Basi mpeleke kwa daktari wa wanyama, umwambie habari ya bafu, na ya mijusi pia. Ukiweza mrekodi kwa simu akikohoa, maana akifika mezani kwangu paka hunyamaza kimya kama hana lolote.

Kabla ya kumpeleka, mhesabie pumzi akiwa amelala usingizi. Tazama ubavu ukipanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Paka mzima aliyelala hapiti 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 40, usingoje wiki ijayo. Na ukimwona anahema mdomo wazi, au ufizi umegeuka rangi ya kijivu au samawati, mbebe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usimpe dawa ya mtu. Tembe moja ya parasetamoli yaweza kumuua paka, na pampu ya mwanao usimpulizie kwa kukisia.

Kuna sababu nyingine ya kumwambia daktari habari ya kuvu, hasa kama Chausiku atafungwa kizazi au kutibiwa meno. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walieleza habari ya paka wawili waliotiwa dawa ya usingizi ili wasafishwe meno. Wakavuja damu mapafuni, wote wawili wakafa. Nyumba yao ilikuwa imeingiwa na maji ya kimbunga miezi kadhaa nyuma, ikajaa kuvu jeusi liitwalo Stachybotrys. Habari hiyo isikutoe usingizi. Si kila kuvu jeusi ni hilo, na rangi peke yake haisemi kitu. Stachybotrys hupenda karatasi, mbao na bodi za jipsamu zilizoloa kwa muda mrefu, haina raha kwenye chokaa na vigae. Ndiyo maana mimi ningeanza na dari lako kabla ya ukuta. Kama ni la bodi na limeloa, juu yake pana bomba linalovuja au choo cha wa ghorofani, na bodi ile haisafishiki: ing'olewe, itupwe, bomba lizibwe ndipo iwekwe nyingine. Paka na mtoto wasiwepo siku hiyo.

Ukuta una hadithi yake. Nyumba ya bibi yangu, Mji wa Kale, ilikuwa ya matumbawe, jiwe lilelile lililojengewa Fort Jesus tangu 1593. Matumbawe ni jiwe la bahari, lina matundu kama sifongo, hunywa maji kutoka ardhini yakapanda. Wazee walijua, wakalipiga lipu ya chokaa, maana chokaa huacha maji yatoke nje kama jasho. Kila mwaka bibi akipigisha chokaa upya bafuni. Baba alipoirithi ile nyumba alitaka ipendeze, akapaka saruji na rangi ya mafuta, na tangu masika ya kwanza hatukuona tena ukuta mkavu. Ndiyo yaliyokukuta wewe. Rangi ya mafuta imefunga mlango, maji yapo ndani, yakitafuta pa kutokea huifurisha rangi, na kuvu likapata pa kunywa. Na kama mnaoga maji ya kisima, ambayo huko kwenu aghalabu yana chumvi, ile chumvi inayobaki ukutani huvuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua.

Kwa hivyo mwambie mwenye nyumba maneno haya, na umwonyeshe gazeti: rangi ibanduliwe mpaka juu ya weusi, lipu ya saruji ivunjwe, ukuta upigwe lipu ya chokaa na kupakwa chokaa. Chokaa ikiwa mpya ni kali, kuvu haliipendi. Lakini mbichi huchoma, basi Chausiku asiingie mpaka ikauke kabisa, asije akaikanyaga kisha akaramba nyayo.

Vitabu vya ng'ambo huagiza unyevu wa hewa ndani ya nyumba usipite asilimia 60. Mombasa hewa ya nje yenyewe kwa wastani hupita hapo mwaka mzima, kwa hivyo usijisumbue na hesabu hiyo. Linalowezekana kwetu ni kutoacha kitu kimeloa. Kuvu huanza kuota mahali palipokaa maji siku moja au mbili. Pipa lifunike, na mfuniko uwe wa kukaza. Hilo litamzuia pia Chausiku asinywe humo wala asitumbukie. Kila aogaye wa mwisho asukume maji ya sakafuni yote kwa raba, apanguse ukuta wa chini kwa kitambaa, aache mlango wazi. Nguo mbichi zisianikwe bafuni. Ukipata feni ndogo, ielekeze iusukume upepo kutoka bafuni kwenda nje, saa mbili baada ya kuoga. Upepo wa kusi ukivuma, fungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja uache upite.

Kuvu lililopo sasa, kama mahali pake hapazidi kama mita moja kwa mita moja, waweza kuliondoa mwenyewe. Funga paka chumba kingine. Vaa barakoa na glavu. Lowesha ukuta kwanza, maana kuvu kavu likisuguliwa hurusha vumbi lake nyumba nzima. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi ngumu. Sugua, panguza, suuza, kausha. Vitambaa vitupwe kwenye mfuko uliofungwa. Jiki si lazima. Kwenye vigae hufaa, lakini kwenye jiwe lenye matundu ile klorini hubaki juu na maji yake huzama ndani yakalinywesha kuvu. Na kuvu lililokufa likabaki ukutani bado humkohoza mwenye pumu, kwa hivyo kazi ni kulitoa, kuliua tu hakutoshi.

Nililoahidi kulisema ni hili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na paka wa rangi ya chungwa, nimemwokota kivukoni Likoni. Bafu langu lilikuwa na weusi kama lako. Nikanunua dawa ya kuulia vijidudu, ile ambayo ukiitia majini hugeuka nyeupe kama maziwa, nikadeki ukuta na sakafu, nikaona nimefanya usafi wa maana. Paka akapita kabla hapajakauka, akaenda kulala akajiramba miguu. Jioni mate yalikuwa yakimtoka, ulimi una vidonda, hali chakula. Siku ya nne akafa mikononi mwangu, na mimi ni daktari. Dawa nyingi za namna ile zina fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama letu au la mbwa. Tangu siku hiyo kila mwenye paka humuuliza: dawa yako ikiingia majini hugeuka maziwa? Ikiwa ndiyo, usiitumie paka anapopita. Mafuta ya karafuu na ya mti wa chai, ambayo naona yanauzwa kama tiba ya kuvu, ni hatari kwake kwa njia hiyohiyo.

Na udi. Najua harufu ya koga inavyotia haya mgeni akiingia, na chetezo ndicho kitu cha kwanza cha kushika. Moshi ule kwa paka anayekohoa, na kwa mwanao, ni kuni juu ya moto. Kwa sasa fukiza nguo zako chumba ambacho hawamo.

Mavyaa wako mjibu kwa adabu, lakini mjibu. Kuvu linalomkohoza paka ndilo linalomkohoza mjukuu wake. Paka akitoka, ukuta utabaki. Mtoto apimwe kama paka mwenyewe humdhuru, maana wapo watoto hivyo, na hilo ni neno la daktari wake. Wakati huo Chausiku asilale chumba kimoja na mtoto. Mtafutie baridi pengine: kigae kikubwa kimoja kiweke dakani penye kivuli. Atakihamia mwenyewe bila kuvutwa, paka hufuata ubaridi.

*Daktari, shikamoo. Paka wangu ametoka nywele duara mbili, sikioni na mguuni, na binti yangu ana duara kama hizo mkononi. Bafu letu lina kuvu la kijani. Nimeosha kila kitu. Je, limetoka ukutani? – Baba, Mtongwe*

Marahaba. Hapana, hilo halikutoka ukutani. Hayo ni mashilingi, na ni kuvu kweli, lakini kuvu hili chakula chake ni nywele, ngozi na kucha. Ukutani halina la kula. Amelipata kwa paka mwingine, pengine mtoto wa paka aliyeletwa nyumbani, na binti amelipata kwa kumkumbatia. Binti aende zahanati apewe dawa ya kupaka, paka aende kwa daktari wa wanyama, na waanze matibabu wakati mmoja, la sivyo watakuwa wakiambukizana kwa zamu. Nywele zinazodondoka ndizo zinazobeba ugonjwa, na zaweza kukaa na mbegu zake hai zaidi ya mwaka. Basi fagia kwa kitambaa kibichi kila siku, mashuka na mikeka ifuliwe ianikwe juani, na paka akae chumba kimoja kisicho na zulia mpaka daktari aseme amepona. Usimtupe. Huu ni ugonjwa unaopona.

*Nimestaafu, naishi Majengo. Nina chiriku wawili kwenye tundu. Mchana huwatundika barazani, usiku nawaingiza bafuni nifunge mlango kwa kuogopa paka. Mmoja sauti imempotea. Bafuni mna harufu ya koga. – Mzee wa chiriku*

Mzee wangu, leo usiku usiwaingize humo. Ndege ana mifuko ya hewa inayoenea mwilini mwake, kila pumzi hupita mbali kuliko yetu, na kuvu liitwalo Aspergillus likimwingia hukaa humo na kuota. Sauti kupotea ni dalili moja, nyingine ni mkia kupandashuka kila akivuta pumzi. Ndege huficha ugonjwa mpaka mwisho, kwa hivyo huyo aliyenyamaza apelekwe kesho asubuhi, mtenge na mwenzake. Tazama na mtama wao: kama gunia limekaa penye unyevu, mwaga wote. Karatasi ya chini ya tundu badilisha kila siku. Usiku watundike ukumbini, juu sana, mbali na kabati au kiti ambacho paka aweza kukirukia, na tundu ulifunike kwa kitambaa chepesi.

*Mbwa wetu alikula mkate uliofanya ukungu kwenye jaa nyuma ya bafu, baada ya saa chache akaanza kutetemeka mwili mzima. Alipona, lakini mume wangu asema ni ukungu wa bafuni. Tuoshe bafu? – Utange*

Bafu lioshwe, lakini ni mkate. Ukungu unaoota kwenye mkate, jibini na takataka za jikoni waweza kutoa sumu inayompa mbwa mtetemeko, wakati mwingine mpaka degedege. Kuvu la ukutani humwingia mnyama kwa pumzi, hili humwingia kwa mdomo, na ndilo linaloua upesi zaidi. Msifikiri pia kwamba unga wa mahindi uliovunda usiofaa kwenu unamfaa mbwa. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu inayotolewa na ukungu, kwenye mahindi iliua watu 125 Makueni, Kitui na kwingineko mashariki mwa nchi yetu, na ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hiyo. Kuupika unga hakuitoi. Jaa lizungushieni ua au pipa lenye mfuniko. Akitetemeka tena msimpe maziwa wala mafuta, msimtapishe. Mfungeni kwenye shuka asijigonge, mpelekeni kwa daktari pamoja na kipande cha alichokila.